Gundi ya Ufito wa Mjomba

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo sana: tik. Nilikuwa nimesimama ndani ya maji ya magoti, mshipi uko hewani nyuma yangu, nikiurudisha mbele utue pale nilipomwona samaki akipasua maji. Tik. Nikadhani pete ya kupitishia mshipi imegongwa na kitu. Nikarusha tena, tik ikarudi, na mara hii niliihisi kiganjani kabla ya kuisikia. Aliyezoea ufito wa mwanzi wa kuvulia samaki angesimamisha uvuvi papo hapo. Mimi niliendelea kurusha karibu saa nzima, na kila nikirusha nilikuwa nauzidisha ufa ambao asubuhi ile ungetosheka na tone moja la gundi.

Ufito huo ni wa mjomba wangu. Una urefu wa futi nane na nusu, na umegawika vipande vitatu vinavyochomekana kwa viungo vya madini, dume na jike. Ukiushika tu vidole vinakuambia kuwa si wa duara. Una pembe sita, kwa sababu si mwanzi mmoja mzima. Ni papi sita za mwanzi, kila moja imerandwa pembetatu, zikakutanishwa na kugundishwa pamoja toka mkononi hadi nchani. Huko nchani unene wote haufiki milimita mbili, na ndani ya unene huo zimo papi zote sita pamoja na mistari sita ya gundi. Hunijia mara nyingi fikra ya mtu aliyekaa na randa akizichonga.

Mjomba alinipa ufito huu bega lake lilipoanza kukataa. Aliutoa kwenye mfuko wa kitambaa, akaupangusa, akasema, “Utunze, mpwa wangu. Huu haupendi maji wala jua.” Nikaitikia kama mtu anavyoitikia maneno ya kuagana. Ilinichukua miaka kutambua kwamba siku ile mjomba alikuwa ananieleza habari za gundi.

Usiku ule wa tik nilikaa chini ya taa nikaukagua ufito upande kwa upande. Kwenye kipande cha juu, karibu na kiungo, mstari kati ya papi mbili ulikuwa umefunguka urefu wa kidole. Ukikunja kidogo unafumbua mdomo, ukiachia unafumba. Nikachukua supa gluu, nikadondosha matone matatu, nikabana kwa vidole, nikahesabu hadi sitini. Ulishika. Nilifurahi nikaenda kulala.

Asubuhi vanishi ilikuwa na ukungu mweupe kuzunguka ufa, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nikaufuta, haukufutika. Ndani ya wiki moja nilirudi majini, na ufa wa kidole ukawa shibiri. Pale nilipotia gundi palikuwa pameshika kweli, lakini ni juu juu tu. Chini yake palikuwa wazi, na mbele yake papi zilikuwa zimeendelea kuachana.

Baadaye nilielewa sababu. Supa gluu inaganda kwa unyevu mdogo uliopo juu ya kila kitu, na mwanzi una unyevu wa kutosha kuigandisha kabla haijapenya. Ikishaganda inakuwa kavu kama kioo: ukiivuta moja kwa moja inakataa, ukiipiga au kuibandua kutoka pembeni inakatika. Harry Coover na wenzake waliikuta mwaka 1942 wakitafuta plastiki safi ya kutengenezea viona-shabaha vya bunduki, wakaiweka kando kwa kuwa ilinata kila mahali. Ikaja kuuzwa mwaka 1958. Ni gundi nzuri kwa kazi zake. Ufito unaokunjwa na kunyooka mara elfu moja kwa siku si mojawapo.

Kosa lenyewe halikuishia kwenye ufa. Nilikuwa nimepaka ndani ya mwanzi kitu ambacho gundi nyingine yoyote ingekikuta kimetangulia. Gundi hushika kile inachokigusa. Ikiigusa supa gluu kuukuu, itakuwa imeshika supa gluu, na siku supa gluu ikibanduka, zote mbili zinaondoka pamoja. Kuitoa kunataka asetoni, kiyeyushi kama kile cha kuondolea rangi ya kucha, na asetoni inakula vanishi ya zamani bila kuchagua.

Nikaupeleka kwa mzee mmoja anayekarabati fidla na magitaa. Watu walinishangaa: uvuvi na fidla wapi na wapi? Lakini nilishaona kazi yake, mbao nyembamba zimeungana hata mstari huuoni, nikajiambia huyu anaijua gundi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Umeniletea nini, upinde?”

Nikamweleza. Akauzungusha ufito karibu na dirisha, akaukunja kidogo akiwa ameutegea sikio, akausikia ukisema tik. Nilitarajia aniambie gundi ya kununua. Yeye akauliza, “Iliyomo ndani ni ipi?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja na swali moja tu kichwani, gundi ipi ni kali kuliko zote, kumbe mwenzangu anaanzia kwingine kabisa.

Akachukua daftari langu mfukoni mwangu, akalishika ncha zote mbili, akalikunja kama upinde. “Tazama kingo za kurasa.” Kingo zilikuwa zimelala mshazari, kila karatasi imeteleza kidogo juu ya nyingine. “Zikigundishwa zote zisiweze kuteleza, hili daftari litakuwa ubao. Ufito wako uko hivyo. Ukikunjwa, papi zinataka kuteleza, na gundi ndiyo inayozikataza. Hiyo ndiyo kazi yake yote.”

Nimelisoma somo hilo tena kwa namna nyingi tangu siku ile, na sijakuta lililonyooka zaidi. Nguvu ya kuvuta iko nje, kwenye nyuzi za mwanzi zilizo karibu na ganda, ambako zimesongamana zaidi kuliko ndani. Ndiyo maana fundi akichonga upapi hula upande wa ndani na kuliachia ganda la nje nyuzi zake. Gundi inabeba mteleko, na mteleko mkubwa zaidi uko katikati ya unene. Kwa hiyo gundi haihitaji kuwa kali kupita zote. Gundi nyingi za mbao, zikishikishwa vizuri, zinaushinda mwanzi wenyewe: ukiubomoa muungano kwa nguvu, nyuzi za mwanzi ndizo zinazong’oka. Swali linabaki kuwa ni kitu gani kitakachoishinda gundi hiyo mbali na nguvu: maji, joto, mteleko wa polepole wa siku nyingi, au kupigwa ghafla.

Mzee akachovya kijiti chenye pamba kwenye maji ya uvuguvugu, akakigusisha ndani ya ufa, mbali na mahali nilipoharibu. Tukasubiri. Baada ya dakika chache akapitisha ncha ya kisu chembamba, akaitoa ikiwa na kitu cha rangi ya asali. Akakibana kati ya kidole gumba na cha shahada, akafungua vidole taratibu: nyuzi nyembamba zikavutika katikati, zikakatika. “Nusa.” Harufu ya ngozi iliyolowana. Ilikuwa gundi ya ngozi, ile inayochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ileile aliyokuwa nayo mezani kwenye kikopo kilichokaa ndani ya maji ya moto.

Hapo ndipo maneno ya mjomba yalipopata maana. Gundi ya ngozi ikilowa inalainika, ikipata joto inalainika, na ikipata vyote viwili pamoja inarudi kuwa uji. Mimi nilikuwa nikiurudisha ufito mfukoni ukiwa na majimaji, naufunga kwenye bomba lake, nauacha ndani ya gari.

Ukaribu wa fidla na fito hizi una historia. Samuel Phillippe wa Easton, Pennsylvania, anayetajwa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kutengeneza fito za mwanzi uliopasuliwa katika miaka ya 1840, alikuwa fundi bunduki, na fidla alitengeneza pia. Alipotaka kuunganisha mwanzi, gundi ya ngozi ilikuwa tayari iko mezani kwake. Hiram Leonard wa Maine alipozieneza fito za papi sita katika miaka ya 1870, gundi ilikuwa hiyohiyo, na mafundi wengi waliendelea nayo hadi gundi za kemikali zilipokuja karibu na Vita Kuu ya Pili. Ukikuta ufito wa kale uliofunguka, mshuku maji kwanza.

Mwanzi wenyewe, kwa fito nyingi nzuri za karne ya ishirini, unatoka mkoa wa Guangdong kusini mwa China. Mafundi wanauita Tonkin. Marekani ilipozuia biashara na China mwaka 1950, mwanzi huo ukakatika kwa karibu miaka ishirini, na viwanda vingi vikahamia nyuzi za kioo. Nautaja kwa sababu moja tu: ufito wa namna hii ukiuharibu kwa gundi mbaya, huendi kuokota mwingine.

Mzee hakunitengenezea. Alisema macho yake yanatosha kwa fidla tu, na akaniagiza nikajaribu kwanza kwenye mianzi isiyo na thamani. Nikapasua mwanzi wa kawaida, nikaparua ganda na ute wake wa nje, nikalinganisha nyuso kwa msasa, nikagundisha jozi za papi kwa gundi tofauti. Kila gundi ilipata jozi nne: ya kuloweka, ya kuacha ndani ya gari juani, ya kukunja na kufunga hivyo kwa wiki mbili, na ya kugonga ukingoni mwa meza.

Gundi ya ngozi ilifungua ndani ya maji usiku huohuo. Ikiwa kavu ilikuwa ya ajabu kwa uimara, haikuteleza hata unywele. Kuipaka lakini ni mbio: inafanya kazi ikiwa karibu nyuzijoto 60, na ikigusa upapi baridi inaanza kugeuka jeli kabla hujafunga uzi. Mafundi wa zamani walikuwa wakipasha na papi zenyewe.

Gundi nyeupe ya seremala ilinidanganya. Ilipita mtihani wa kugonga, na ile isiyoogopa maji ikapita hata wa kuloweka. Nilipofungua jozi iliyokunjwa wiki mbili, ikabaki imepinda. Kingo za papi, zilizokuwa sawa wakati nagundisha, zilikuwa zimepishana kiasi unachoweza kukihisi kwa ukucha. Gundi hii haivunjiki. Inaruhusu mteleko kidogo kidogo chini ya mzigo wa kudumu, hasa kukiwa na joto. Kwenye kiti hutaiona dosari hiyo. Kwenye ufito itakuwa kilema cha maisha. Wapo wanaojenga fito kwa gundi hii na wanaridhika nayo, nami siwapingi, maana ufito uliohifadhiwa umenyooka haupati mzigo wa wiki mbili. Kwa ufa mmoja katika ufito wa gundi ya ngozi, sikuitaka.

Ile ya poliyurethani ilifura povu ikazisukuma papi mbali. Povu halina nguvu. Sikuendelea nayo.

Resorsinoli ndiyo iliyonishangaza. Ni gundi ya vipande viwili, majimaji mekundu na unga, iliyopata umaarufu wakati wa Vita Kuu ya Pili katika boti na ndege za mbao. Maji ya moto hayakuigusa, gari halikuigusa, mkunjo haukuigusa. Niliichemsha jozi moja na ikatoka kama ilivyoingia. Inaacha mstari mweusi wa zambarau kati ya papi, na watu wengine huukataa kwa sababu ya sura tu. Mimi naona ni alama ya heshima. Lakini ina masharti: inataka nyuso zilizokutana barabara, mbano mkubwa, na joto lisilopungua nyuzijoto 21 kwa saa nyingi. Haijazi pengo. Mtu anayejenga ufito mpya anaweza kuyatimiza yote hayo. Mimi nilikuwa na ufa uliochafuliwa, wenye pande zisizokutana sawasawa, na siwezi kuubana bila kuvunja upapi.

Gundi ya kemikali ya yurea-fomaldehaidi nayo ilipendwa sana na mafundi wa fito, na sababu inaonekana: ngumu, haitelezi, mstari wake mwembamba hauonekani. Ndege ya mbao ya Uingereza, Mosquito, ilianza na gundi ya kaseini inayotokana na maziwa, kisha ikahamia hiyo ya yurea kwa ajili ya unyevu. Kama resorsinoli, nayo haipendi pengo.

Ikabaki epoksi, gundi ya vipande viwili inayochanganywa na kigumishi chake. Haina maji ndani yake, kwa hiyo hailowanishi mwanzi wala haiichokozi gundi ya ngozi iliyo jirani. Haihitaji mbano, ukiibana sana unaikamua yote na muungano unabaki mkavu. Inajaza pengo dogo bila kupoteza nguvu. Udhaifu wake ni joto. Jozi yake iliyokaa garini nilipoitoa ilikuwa imelegea kama mpira mgumu, ilipopoa ikakaza tena. Epoksi nyingi zinazoganda kwa joto la chumbani huanza kulegea kati ya nyuzijoto 50 na 60 hivi, na gari lililofungwa juani hufika huko bila shida. Nilijua basi ninachokubali: nachukua gundi inayostahimili maji, na jua nitaliepuka mimi mwenyewe.

Epoksi ninayoisema ni ile ya polepole, inayochukua usiku mzima kushika na siku kadhaa kufikia ugumu wake kamili. Ile ya dakika tano nilijaribu pia. Inalegea mapema zaidi na maji yanaisumbua. Haraka yake haikunisaidia kitu, maana ufa wa shibiri hauingiziki gundi kwa dakika tano.

Nikaharibu mchanganyiko wa kwanza. Nilidhani kigumishi kikizidi ndipo gundi hukaza upesi na kwa nguvu, nikaongeza kidogo juu ya kipimo. Kwa bahati nzuri nilikuwa najaribia kwenye papi za majaribio. Baada ya siku tatu ilikuwa bado inanata kama ubani uliotafunwa. Kigumishi si chachu. Kila sehemu yake inaungana na sehemu yake maalumu ya gundi, kinachozidi kinabaki bila mwenza na kinailegeza kazi yote. Tangu siku hiyo napima kwa sirinji mbili, na nakoroga dakika nzima nikikwangua pande na kitako cha chombo.

Siku ya kazi yenyewe niliuacha ufito ndani ya nyumba wiki nzima kwanza, mahali pakavu, ili unyevu utoke polepole. Nikaondoa supa gluu niliyoweza kwa asetoni kwenye ncha ya kijiti, tone kwa tone, vanishi ya pembeni nikiwa nimeifunika kwa tepu. Ilinila mchana wote. Nikapitisha kipande chembamba cha msasa ndani ya ufa, mara tatu tu. Nikapuliza vumbi.

Nikachanganya epoksi, nikakiweka chombo juu ya maji ya uvuguvugu mpaka ikawa nyepesi kama mafuta. Kisha nikaukunja ufito taratibu upande ule unaoufungua ufa, nikalaza gundi juu ya mdomo wake kwa ncha ya sindano. Ikakaa juu, duara, haitaki kuingia. Nikachukua uzi mwembamba, nikauingiza ndani ya ufa, nikauvuta mbele na nyuma kama mtu anayesafisha meno. Gundi ikaanza kuzama. Nikaongeza. Nikanyoosha ufito, ufa ukafumba, povu dogo likatoka. Nikakunja tena, na safari hii nikaona gundi ikivutwa ndani yenyewe, mstari unang’aa kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikarudia mpaka hakuna povu. Pale mwishoni, ambapo ufa unakuwa mwembamba hata jicho halioni, nilisubiri zaidi kuliko pengine pote, maana ufa unaendelea kutokea hapo.

Kufunga ni uzi wa pamba, kwa kuzungusha kuelekea upande mmoja hadi mwisho, kisha kurudi kwa upande wa kinyume, misalaba juu ya misalaba. Ukizungusha upande mmoja pekee, uzi unausokota ufito, na gundi ikikauka msokoto unabaki. Nikapangusa gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, nikauinua usawa wa jicho, nikautazama kama mtu anayelenga shabaha, nikautuliza palipopinda kwa vidole. Nikautundika wima na uzito mdogo chini. Sikuugusa kwa siku mbili. Nilipoufungua uzi na kuparua mabaki, ufa ulikuwa mstari tu. Niliukunja nikautegea sikio. Kimya.

Kisha kiungo kikalegea.

Nadhani kilikuwa kimelegea tangu zamani, na ile tik kubwa ilikuwa inakifunika. Kiungo jike cha juu kilikuwa kinacheza juu ya mwanzi wake. Nikiwa na furaha ya epoksi, nilikuwa tayari nimeshika sirinji. Nikakumbuka kumpigia mzee kwanza.

“Mwanangu,” akasema, “hicho kiungo kitalegea tena?”

“Kinaweza.”

“Kitapinda siku moja, kitaliwa, kitahitaji kubadilishwa?”

“Kinaweza.”

“Basi tia gundi itakayokubali kutoka.”

Viungo vya madini tangu zamani vimekuwa vikishikishwa kwa gundi ngumu ya kuyeyusha kwa moto. Unaipasha, unaipaka, unachomeka, inapoa. Ukitaka kukitoa, unapasha madini kidogo na kukivuta. Epoksi kali nayo hutoka kwa moto, lakini moto mrefu zaidi, na madini yanaupeleka moto huo wote kwenye mwanzi. Papi zangu zina gundi ya ngozi inayolainika mapema. Ningekuwa nimekiokoa kiungo na kuufungua ufito.

Nikakitoa, nikasafisha, nikapaka, nikakichomeka, na mara mbili mfululizo kikarudi nyuma chenyewe polepole kama pistoni ya pampu. Hewa iliyonaswa ndani ilikuwa inakisukuma. Nikakwangua mfereji mwembamba kama unywele ubavuni mwa mwanzi hewa ipate njia, na mara ya tatu kikakaa. Nilikishikilia hadi kikapoa mkononi. Nikafunga uzi wa hariri kwenye ukingo wake na kupaka vanishi.

Tabia zangu zimebadilika zaidi kuliko ufito. Sasa nikitoka majini naupangusa kipande kwa kipande, pamoja na mfuko wake, na silifungi bomba siku hiyohiyo. Nikifika nyumbani nautundika. Haulali garini hata kwa nusu saa. Kipande cha juu kikipinda kidogo, sithubutu tena kukinyoosha juu ya taa ya spiriti kama nilivyoona wengine wakifanya na fito zilizogundishwa kwa resorsinoli au yurea. Kuulainisha mwanzi ukubali kunyooka kunataka joto lililopita la maji yanayochemka, na huko gundi ya ngozi na epoksi yangu zote zitakuwa zimeshaachia. Nauvumilia ulivyo.

Nilipompelekea mjomba auone, aliuunganisha mwenyewe, akautikisa kwa mkono wa kushoto, akausikiliza. Akapitisha kidole juu ya mstari wa ufa mara mbili, ya pili akiwa amefumba macho.

“Umetia gundi gani?”

Nikamtolea karatasi niliyoikunja ndani ya mfuko wa kitambaa. Niliiandika kwa sababu ya siku zile nilizozipoteza nikibahatisha kilichomo ndani. Imeandikwa: papi zote, gundi ya ngozi, usiloweshe wala usipashe. Kipande cha juu, shibiri moja juu ya kiungo, epoksi ya polepole, chini yake huenda kuna supa gluu iliyobaki. Kiungo cha juu, gundi ya kuyeyusha. Na tarehe.

Mjomba akaisoma yote, akaniomba kalamu. Akailaza karatasi juu ya goti, akaandika chini ya maneno yangu kwa mwandiko wake wa kulala: “Kiungo cha chini nilikirudishia mimi, kabla hujazaliwa. Gundi ya kuyeyusha pia. Pasha polepole.”

Akaikunja, akairudisha ndani ya mfuko.